Kamera Isizimike

"Betri!" Nyundo alifoka. "Fundi, betri inakata roho!"

Fundi wa kamera, aliyepiga magoti katikati ya damu na vipande vya diski, hakuinua kichwa. "Lete waya wa umeme. Ikizima kabla sijahifadhi, picha yote imepotea."

Nyundo akatimua mbio. Viganja vyake vilikuwa vimechanika vibaya, na vitambaa alivyofungwa vilikwisha kulowa, lakini aliuburuta waya kutoka chumba cha pili na kuuchomeka mwenyewe. Taa ya kamera ikageuka kijani. Akashusha pumzi, akaegemea ukuta.

Mashine ya kujaribia diski za kukatia chuma ilikuwa imenyamaza, mlango wa kizimba chake wazi. Sheria ilisema ufungwe diski ikizunguka. Lakini kamera ile, inayopiga picha maelfu kwa sekunde, hula mwanga kama moto ulavyo kuni, na kioo cha mlango kilikuwa kinaifanyia giza. Basi wakazoea kuuacha wazi, wakisema Mungu yupo. Leo shemeji yake Nyundo, mume wa dada yake, alikuwa ameinama pale akisogeza taa. Akaingia kichwa kwanza. Diski ilimpasua shingo na bega, kisha yenyewe ikapasuka, na vipande vikamalizia uso. Sasa alikuwa chini ya turubai, na turubai halikumtosha.

"Wenzako wanasema uliapa kumuua," alisema afande wa polisi aliyekuja kuchunguza kifo.

"Niliapa, ndiyo. Kamvunja dada yangu taya, anakula kwa mrija. Ulitaka nimwimbie?" Dada yule hakuwa na mwingine duniani ila yeye. "Lakini si unaiona mikono yangu, afande? Kitufe cha kamera nilikuwa nacho, ndiyo kazi yangu. Nikabonyeza, nikamrukia, nikamvuta na diski inazunguka! Kamera imeniona. Picha isipotoka, mtaninyonga."

"Tutaona," alisema afande.

Picha ikatoka. Giza totoro.

"Ongeza mwanga, fundi," Nyundo alisihi. "Usikate tamaa."

Fundi akaongeza. Picha ikaanza kupepesa, mara nyeupe, mara nyeusi.

"Hizo ni taa za darini, huwakawaka upesi ila jicho halioni," alisema fundi. "Haziharibu kitu."

Akairekebisha tena, na mgongo wa marehemu ukajitokeza, mkono wake ukiwa kwenye taa.

Afande akasogea. "Mbona bado hajaanguka? Na diski nzima?"

"Hiyo si yenyewe," alisema Nyundo haraka. "Hiyo ya zamani. Kamera inaanza nikibonyeza."

"Ilikuwa hivyo," alisema fundi, macho kwenye kioo cha kamera. "Wiki nzima tumeambulia moshi tu, kwa sababu mkibonyeza, diski imeshapasuka. Asubuhi nimeibadilisha mpangilio, inapiga muda wote. Ukibonyeza sasa, inakomea hapo hapo na kuhifadhi sekunde zilizotangulia."

Nyundo akauangalia waya aliouchomeka. Afande alikuwa ameshasimama kati yake na waya.

Kwenye kioo cha kamera, polepole mno, kiganja ambacho bado hakikuwa na jeraha kiliingia kutoka kushoto, kikatua katikati ya mgongo wa shemeji, kikasukuma.