Beleshi la Tatu

Kisima kiliporomoka mchana, Shomvi akiwa ndani. Aligonga bomba la kisima kuonyesha yu hai. Mkewe, Mwalimu Zuhura, akawauliza wachimbaji wawili waliokuwepo: kila mmoja peke yake angemfikia baada ya muda gani?

"Mimi masaa sita," akasema Mzee Mwinyikai. "Mbaruku huyu, matatu."

Zuhura akaandika mchangani kwa kidole. Moja ya sita, jumlisha moja ya tatu: nusu ya kazi kila saa. Wakishirikiana, masaa mawili.

"Na hewa?"

"Ikizidi sana, saa moja na nusu, mwalimu."

Akarudia hesabu. Alihitajika mtu mmoja zaidi, mwenye kasi ya mzee. Wanaume wengine walikuwa mnadani. Akaitazama mikono yake iliyozoea chaki, akaokota beleshi.

Chini, Shomvi aligonga mara tatu. Baadaye, mara mbili. Zuhura alichimba, akiogopa kuhesabu.