Kifaranga wa Kumi

Ili upewe kibali cha kuzaa, sharti kwanza ulee vifaranga kumi kwa miezi miwili, asife hata mmoja. Ukishindwa, unafungwa kizazi. Mwantumu, aliyekuwa mgeni wa kuku na mwenye mimba ya siri, alifiwa na mmoja siku ya tatu kwa baridi. Akanunua mwingine sokoni, wa manjano vilevile, akamchanganya na wenzake.

Wiki ya tano, manyoya ya yule wa sokoni yakaota yamejikunja kinyumenyume, kama ya kuku kidimu.

Mkaguzi akaja, akahesabu, wakatimia kumi. Kisha akamnyanyua mmoja.

“Mwanangu, sisi tuligawa mbegu moja. Huyu kidimu katoka wapi?”

Mwantumu akajifunga kanga upya, taratibu, tumboni.

Mkaguzi akamweka kuku chini. “Na hiyo mimba ina miezi mingapi?”