Mkalimani wa Saa Nane

Mzee Kitwa alitema mate ndani ya mkebe wa maziwa, akausukuma chini ya kiti, karibu na miguu ya mgeni wake. Mwadi akavuta miguu.

Parokia iliahidi kuleta mkalimani wa lugha ya Kasai saa nane, kabla mama wa Hadassa hajafika kutoka Kasai. Hadassa alikuwa mchumba wa Guylain, mjukuu wa mzee, na Guylain alikwisha kwenda gare, kituo cha treni, kuwapokea wakwe. Mzee alitaka maneno yapangwe mapema. Mwadi alipobisha saa nane na kusalimu kwa Kiswahili cha Kamina, mzee alimwingiza ndani bila kumuuliza jina.

Alimsifu kwamba anasema vizuri. Mwadi akajibu kuwa alizaliwa hapa Kamina. Hakueleza kwamba mwaka 1993, akiwa na miaka kumi na miwili, alipakiwa kwenye behewa la mizigo pamoja na Wakasai wengine. Kule Mwene-Ditu, Kasai, mama yake alimkataza kusema lugha ya watu waliowafukuza. Hata hivyo, kila Jumapili alikwenda kwa jirani aliyetoka Kamina pia, wakazungumza Kiswahili hadi jioni. Nyumba walikwisha kuiacha. Lugha aliyochezea utotoni hakukubali kuiacha.

Mzee alichokonoa meno kwa kijiti, akakifuta kwenye suruali, kisha akasimulia alivyoipata nyumba hii.

"Ilikuwa ya karani wa reli, muKasai. Alikamata mulango na mikono yote mbili. Minyi nilimupiga vidole na nyundo mpaka akaachilia."

Alicheka. Mate yakamchuruzika kidevuni.

Vidole vile Mwadi alivijua. Baba yake alizikwa kando ya reli, mkono umevimba na kunuka.

Mzee akaendelea, safari hii kwa sauti ya chini, huku amemwekea mkono gotini.

"Ile usimuambie mama ya bibi-arusi. Weye njo muntu wetu. Muambie siye tulibapenda baKasai siku yote. Muambie mutoto yake atakaa hapa sawa mu nyumba ya babu yake."

Mwadi aliuondoa mkono ule kwa ncha za vidole, akapangusa goti kwa kitenge.

"Ameisha kusikia, papa," akasema. "Na Guylain tulipishana ku gare. Minyi njo mama ya Hadassa."