Kofia ya Doto

Kichanga Kulwa alipimwa nguvu ya moyo saa tatu asubuhi, akapata asilimia themanini. Saa nne, mama yake, Nyamizi, alimrudisha kliniki amevaa kofia ya njano ya Doto, pacha wake, na dirishani akamwandikisha kwa jina la Doto. Angefanyaje? Walipopimwa tumboni wote wawili walivuka sitini, lakini tangu azaliwe, Doto alikuwa akihema kama aliyepanda mlima. Na mtoto aliyeshuka chini ya sitini siku ya saba huchukuliwa na serikali. Hakuna mama aliyewahi kuonyeshwa hata kaburi.

Nesi alimfungua mtoto vifungo ili ampake jeli ya ultrasaundi. Kidole chake kikasita. Kifua kilikuwa bado kinanata kwa jeli ya kipimo cha kwanza.

Nyamizi aliishusha kofia ya njano hadi kwenye nyusi za mtoto.

Nesi akatupia jicho mlangoni, akapima, akaandika: Doto, themanini. Kisha akanong'ona, "Mama Kulwa, siku ya arobaini wanapimwa pamoja, kitanda kimoja."

Nyumbani Nyamizi aliwalaza wanawe kifua kwa kifua. "Mfundishe mwenzio, baba," alimsihi Kulwa. "Tumebakiwa na siku thelathini na tatu."