Tangazo la Bi Mashavu

Kibwana, mtangazaji wa mtaa, aliboronga. Aliona turubai langoni kwa Bi Mashavu, akazunguka na kipaza sauti kutangaza kifo chake, kumbe mama wa watu alikuwa amelifua tu, analianika. Waombolezaji walimkuta anamenya vitunguu, wakaondoka kimya.

Kesho yake Bi Mashavu akamwita Kibwana.

"Mwanangu, umeniua bila hata homa. Tangu jana hakuna aliyenipigia hodi. Dukani nimesalimia, hawakuitikia. Nenda ukanirudishe."

"Nakurudisha sasa hivi, mama, na soda juu."

Bi Mashavu hakucheka.

Kibwana akazunguka tena. "Samahanini, wakazi. Bi Mashavu yupo, mzima kabisa." Kila alikopita, madirisha yalifungwa taratibu. Mzee mmoja akamwambia kwa upole, "Mwache apumzike, kijana."

Aliporudi, mlango ulikuwa wazi. Kibarazani palikuwa na kiti kitupu, na pembeni kikombe cha chai kinafuka mvuke. Aliita mara kadhaa. Mwisho akainua kipaza sauti, na majirani wote wakamsikia.

"Bi Mashavu, njoo useme nao mwenyewe. Neno moja tu, mama."