Sauti ya Bi Mdogo

Aliirudisha kanda nyuma, akasikiliza tena. "Sitaki kukuona!" Bi Mdogo alisema kwenye skrini, akarusha kikombe ukutani. Halikuwa neno alilolitafuta. Fundi akaiacha kanda iendelee.

Tangu asubuhi alikuwa sebuleni, hedifoni masikioni, akiipitia upya miaka ya mwanzo ya tamthilia ile. Hadi leo bado inarushwa, ingawa waigizaji wa mwanzo hawamo tena. Enzi hizo yeye ndiye aliyekuwa akirekodi sauti, na Bi Mdogo, mke wa pili wa tajiri kwenye mchezo, nyumbani alikuwa mke wake yeye. Nakala za kanda alizitunza kabatini kwa kuzipenda tu. Hakujua kwamba ipo siku zingekuwa ndiyo sauti pekee ya mkewe iliyobaki humo ndani.

Chumba cha pili alilala mama mkwe wake, macho hayaoni, miguu haina nguvu. Mama aliambiwa kwamba binti yake amepata kazi nchi ya mbali, simu za huko hazishiki, kwa hiyo anatuma ujumbe wa sauti tu. Na kila jioni Fundi alimpelekea ujumbe: neno kutoka sehemu hii, neno kutoka sehemu ile, ameyakata na kuyaunga kwenye kompyuta kama fundi cherehani anavyounga vitambaa.

Jirani aliyekuja kumwogesha mama alimkuta kwenye kazi hiyo.

"Bado tu, shemeji?" akauliza, akikunja mikono ya gauni. "Mwambie mama wa watu ukweli. Mtaa mzima unajua ila yeye."

"Nitamwambia."

"Lini? Tangu mvua zile unasema hivyo hivyo, na sasa tunasubiri nyingine."

Fundi alitazama juu ya kabati, kwenye kisahani chenye pete ya mkewe. Ilikuwa pale pale alipoikuta asubuhi ile ya mvua. Hakuwahi kuigusa.

Shida ilikuwa sharti la mama. Jana, baada ya kusikiliza ujumbe, alikuwa ameisogeza kando ile simu yake ndogo ya vitufe, anayolala nayo ikimsomea taarifa ya habari, akasema: "Kila siku ananiuliza nimekula nini. Sasa na mimi namuuliza: anarudi? Asiponijibu kesho, jirani atampigia mwanangu wa kiume aje anichukue. Siwezi kukaa kwa mkwe kama mzigo uliosahauliwa stesheni."

Usiku huo Fundi hakupata usingizi. Mama akichukuliwa, nyumba ingebaki na yeye na mashine. Hakungekuwa na mtu wa yeye kumpikia uji, wala wa kumuuliza kutoka chumba cha pili kama amefunga mlango.

Lakini waandishi wa miaka ile walimpa Bi Mdogo vilio, matusi na viapo, si neno alilolihitaji. Mwanamke yule wa kwenye mchezo alikuwa mtu wa kuondoka. Kila walipoishiwa visa, walimpa sanduku.

Jua lilikuwa limeshahama dirishani alipolipata. Bi Mdogo amesimama mlangoni, sanduku mkononi, anamwambia tajiri: "Nitarudi, na siku hiyo utanijua mimi ni nani!" Halafu akaubamiza mlango.

Alilikata neno moja tu. Likatoka na hasira yake yote. Akalishusha, akalilainisha, akaazima kishindo cha ule mlango kulizibia mwisho, maana mkato ulikuwa umebaki wazi kama jeraha. Kisha akalitangulizia "mama" kutoka kwenye sehemu ya hospitali, lililosemwa kwa kunong'ona.

Jioni akamwekea mama sikioni. Mama... nitarudi.

"Rudia," mama akasema.

Akarudia.

"Ana hasira."

"Amechoka, mama. Kazi nyingi."

"Na huo mlango?"

"Ofisini kwao."

"Ofisi gani hiyo? Juzi jogoo, leo mlango." Mama akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Basi, mkwe wangu. Nimesikia. Lete uji."

Alikunywa mpaka akakwangua bakuli. Fundi alipokuwa anatoka nalo, akamwita.

"Kesho mwambie anitajie na siku."

Fundi akarudi sebuleni, akakaa mbele ya skrini na mabega yameanguka. Siku. Alikumbuka kwamba Bi Mdogo aliwahi kutaja Ijumaa katika sehemu ya harusi, lakini muziki ulikuwa umelifunika neno. Kulichomoa humo ingekuwa kama kuchomoa sukari kwenye chai. Akaiweka kanda ya harusi juu ya mashine, tayari kwa kesho, akavua hedifoni.

Katika ule ukimya akasikia vitufe vinabonyezwa chumba cha pili, kimoja kimoja, taratibu, kama vidole vinavyoijua njia.

"Umeshakula?" mama aliuliza. Akanyamaza, akisikiliza. "Mimi nimekula. Hapana, bado hajaniambia. Mtoto wa watu anaona aibu kusema umemkimbia."

Fundi alibaki ameshika hedifoni mkononi.

"Tangu siku uliyoondoka nakuuliza kama utarudi," mama akaendelea, sauti imeshuka, "na kila siku unageuza maneno. Leo yeye amekufanya useme kwa mashine zake. Sasa sema na wewe, mwanangu. Hata kama ni uongo."