Ubao wa Nyuma

Mngurumo wa msumeno ulimpokea binti kabla hajafika getini. Alikuja kuwasihi watu wa karakana wasubiri kidogo. Akakuta yoti ya baba yake, mashua ya starehe iliyogonga mwamba, imeshapasuliwa katikati.

"Pole, dada," fundi alisema. "Mtu wa bima kasema haitengenezeki."

Ubao wa nyuma ukadondoka miguuni pa binti. Jina la marehemu mama, alilolichora baba kwa mkono wake, bado liling'aa.

Simu ikaita. Ni baba, kutoka hospitalini.

"Nasikia msumeno, mwanangu! Wale wavivu wa bima wameamka, wameanza kuitengeneza?"

Binti aliuokota ubao, akaukumbatia.

"Wameamka, baba. Ukitoka hapo tu, nitakupeleka baharini mimi mwenyewe."